Mimba, uzazi na arubaini visiwani Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mama wa Amu, Shela, Matondoni, Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, Ndau, Kiwayu na vijiji vya bara kama Mokowe, Hindi na Witu. Hayachukui nafasi ya muuguzi aliyekushika mkono na kukupima. Yanakusaidia kujua la kumuuliza, na lini usingoje kuuliza.

Nataka kushika mimba. Kuna la kufanya kabla?

Lipo, na wengi hulipita. Meza asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, uanze angalau mwezi mmoja kabla. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki 4 tangu mimba kutungwa, wakati wewe bado wasema hedhi imechelewa tu. Anayeanza foliki kliniki mwezi wa nne amechelewa kwa jambo hilo, ingawa bado zitamfaa kwa damu.

Kapime presha, sukari, wingi wa damu, kundi la damu, kaswende, homa ya ini na virusi vya ukimwi. Mume naye apime. Kama ukoo una selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi), pimeni wote wawili, hasa mkiwa binamu: mkiwa nyote mwaibeba bila kuumwa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Anayemeza dawa za kifafa, presha au sukari asiziache kwa akili yake, lakini pia asishike mimba kabla ya kumwona daktari, maana baadhi ya dawa hizo humdhuru mtoto na zina mbadala.

Kati ya kuzaa na kushika mimba nyingine ipite miezi 24. Mimba ikitoka, ngoja miezi 6.

Naihesabu miezi kwa mwandamo. Nitajuaje tarehe ya kuzaa?

Mimba huhesabiwa siku 280 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kwa kalenda ya ofisini, ongeza siku 7 kisha rudi nyuma miezi 3: hedhi iliyoanza tarehe 5 Julai hutoa tarehe 12 Aprili. Kwa mwandamo, hesabu miezi 9 kamili kisha uongeze siku 14 au 15. Hedhi ikianza mosi Mfunguo Mosi, tazamia katikati ya Rajabu, si mosi Rajabu.

Hizo wiki mbili za mwisho ndizo zinazosahauliwa. Miezi 9 ya mwandamo ni siku 265 au 266, yaani wiki 38 tu. Nyumba nzima huanza kuingiwa na wasiwasi kuwa mtoto amepitiliza, na mtu huletewa dawa ya kuanzisha uchungu, kumbe mimba haijatimia. Kama hukumbuki hedhi yako, fanya ultrasaundi mapema, kabla ya wiki 24. Kadiri mimba inavyokua, picha hiyo hukosea kwa siku nyingi zaidi.

Kliniki ya kwanza niende lini?

Kabla ya wiki 12, hata kama tumbo halijaonekana. Wengi husubiri lichomoze kwa kuogopa jicho. Muuguzi hamtangazii mtu. Baada ya hapo ni wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40, jumla mara nane. Zahanati ya karibu yatosha kwa ziara nyingi, lakini kila ziara dai mambo mawili: presha na mkojo. Ziara isiyo na presha haijakamilika.

Uliza pia kama u Rhesus hasi, yaani kundi lako la damu lina alama ya kutoa. Ukiwa hasi, huenda ukahitaji sindano ya anti-D wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kuzaa mtoto akiwa chanya. Si dawa ya kuikuta kila hospitali, basi iulizie miezi kadhaa kabla.

Vidonge vya damu vinanichafua tumbo. Niviache?

Usiviache, badilisha wakati. Kidonge cha kliniki kina miligramu 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za foliki. Kimeze usiku baada ya chakula chepesi, kwa maji yaliyokamuliwa ndimu. Choo kitakuwa cheusi, na hiyo ni kawaida. Adui wake mkubwa ni chai: ukimeza kisha ukashushia kwa chai ya maziwa, chuma kingi hakiingii mwilini. Weka angalau saa moja kati ya chai na kidonge, au chai na chakula chenye mchicha, kunde au dagaa.

Wingi wa damu (Hb) chini ya 11 ni upungufu. Chini ya 7 ni hospitali, si vidonge vya nyumbani. Hamu ya kula udongo, mkaa au mchele mbichi mara nyingi ni dalili ya damu kupungua, basi sema usione haya.

Kwa nini wanipa Fansida na siumwi?

Kwa sababu malaria hujificha kwenye kondo, mama asione homa na mtoto akakonda ndani. Ni vidonge 3 kwa mpigo, mbele ya muuguzi, kuanzia wiki ya 13, kisha kila baada ya wiki 4 au zaidi hadi kuzaa. Sema kama mwili wako hukataa dawa za salfa. Anayemeza Septrini kila siku hapewi Fansida. Anayemeza foliki ya miligramu 5 aseme pia, maana kipimo hicho hupunguza nguvu ya Fansida. Chandarua hakiachwi hata ukiwa umemeza.

Samaki gani nile?

Dagaa, changu, tafi na kolekole kula. Papa na sulisuli punguza sana, hata papa mkavu wa mchuzi wa nazi, kwa kuwa samaki wakubwa wanaokula wenzao hukusanya zebaki inayodhuru ubongo wa mtoto. Maini ya ng'ombe mara moja kwa wiki yatosha. Miraa acha.

Nifunge Ramadhani?

Dini imempa ruhusa mjamzito na anayenyonyesha. Katika madhehebu ya Shafi, anayefungua kwa kujihofia mwenyewe hulipa siku zake. Anayefungua kwa kumhofia mtoto peke yake hulipa na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Ya fiqhi kamuulize shekhe wako.

Ya mwili ni haya: mwenye presha, sukari, damu chini ya 11 au matapishi mengi asifunge. Anayefunga anywe maji kidogo kidogo tangu futari hadi daku, na daku asiiruke. Akiona mkojo mchache wa rangi ya chai, kizunguzungu, au mtoto kapunguza kucheza, afungue saa hiyo hiyo, asingoje adhana.

Mimba changa, naona damu. Ni kawaida?

Matone kidogo hutokea na mimba ikaendelea, lakini hujui mpaka upimwe. Damu inayojaza pedi mbili kwa saa moja ni dharura. Maumivu makali ya upande mmoja wa chini ya tumbo, bega kuuma bila kuumia, au kuzimia, hata damu ikiwa chache, huenda mimba imetunga kwenye mrija. Mrija ukipasuka damu humwagika ndani usiione. Hapo ni boti, si kulala kuangalia asubuhi.

Miguu imevimba. Na jirani alianguka akatetemeka, wakasema ni pepo.

Miguu kuvimba jioni si ajabu. Uso na mikono kuvimba, pete isitoke kidoleni, kichwa kuuma na Panadol isisaidie, kuona maluweluwe, au maumivu chini ya kifua upande wa kulia ni dalili za presha ya mimba. Huanza baada ya wiki 20, presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi. Aliyewahi kuipata, mwenye mapacha, mwenye sukari au presha ya zamani amuulize daktari mapema kuhusu aspirini ya kipimo kidogo, ambayo hufaa zaidi ikianzwa kuanzia wiki ya 12.

Kuanguka na kutetemeka ni kifafa cha mimba. Hata kama nyumbani mwasoma ruqya, someni boti ikiwa njiani. Mlaze ubavu wa kushoto, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu, usimshike kwa nguvu. Dawa yake ni sindano ya magnesiamu, na muuguzi wa zahanati anaweza kutoa dozi ya kwanza kabla ya safari. Iulize waziwazi: «Tumchome magnesiamu kabla hatujapanda boti?» Kifafa hiki huja hata baada ya kuzaa, kwa hivyo kichwa kikali cha mzazi katika wiki 6 za kwanza si cha kufungwa kitambaa tu.

Ninakaa Kizingitini. Safari ya kwenda kuzaa niipange vipi?

Hili ndilo swali zito kuliko yote kwenye ukurasa huu. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kuisha ndani ya saa 2, na boti haipai.

Kwanza, amua kama unapaswa kuhamia Amu kabla ya uchungu. Hamia kwa jamaa wiki ya 37 au 38 kama umewahi kupasuliwa, una mapacha, mtoto amekaa vibaya, una presha, uliwahi kutoka damu nyingi, u chini ya miaka 18, au umezaa mara tano na zaidi. Kitanda cha shangazi Langoni ni rahisi kuliko petroli ya usiku. Hospitali ya King Fahd iko hapo Amu na hufanya upasuaji. Kwingineko uliza wiki hiyo hiyo kama chumba cha upasuaji kinafanya kazi na kama mtaalamu yupo.

Anayebaki kijijini awe na manahodha wawili, si mmoja, maana mmoja atakuwa amekwenda kuvua siku hiyo hiyo. Muulize kila mmoja mashine yake yanywa lita ngapi hadi Amu, uweke hizo na nusu yake juu, kwenye galoni iliyofungwa, mbali na jiko. Uliza zahanati kama kuna ambulensi ya boti na nani hupigiwa. Andika namba ndani ya kitabu cha kliniki, kwa kuwa simu huzimika.

Halafu maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku husogea mbele kama dakika 50. Mlango wa Mkanda, baina ya Manda na bara, ni mwembamba na haupitiki vyema maji yakiwa yamepwa. Ukizunguka nje wakati wa Kusi, wakutana na mawimbi. Basi kila Ijumaa kuanzia wiki ya 36, mwanaume wa nyumba aandike ukutani saa za maji kujaa za wiki inayofuata. Uchungu ukianza saa mbili usiku wa bamvua, maji yanashuka: ama mwondoke papo hapo, ama mjue mtangoja hadi baada ya saa saba za usiku. Kungoja bila kujua ndiko kunakoua.

Aliye mjini huambiwa aende uchungu ukija kila dakika 5. Wewe usingoje hivyo. Ondoka ukishakuwa wa mpango kila dakika 10, au chupa ikipasuka hata bila uchungu. Maji ya kijani au yenye harufu, damu, au kamba ya kitovu kumtangulia mtoto hayana kungoja. Kitovu kikitoka mama apige magoti na kifua chini, makalio juu, na kitovu kisiguswe.

Botini tia godoro, turubai, boya la kuokolea kwa kila mtu, tochi mbili, kanga safi nne, maji ya kunywa, na kitabu cha kliniki ndani ya mfuko wa plastiki. Mama alale kwa ubavu wa kushoto, si chali, kwani chali tumbo hukandamiza mshipa mkubwa na damu ya mtoto hupungua. Wapande pia ndugu wawili wanaoweza kutoa damu. Muuguzi apige simu hospitalini kabla boti haijang'oa, na gatini wangoje watu wanne na machela, maana maji yakiwa yamepwa itabidi abebwe matopeni, na vichochoro vya Amu havipitishi gari.

Na mtoto akitoka njiani?

Punguza mashine, nenda panapotulia. Osha mikono. Mtoto ateremke mwenyewe, msimvute. Mpanguse kwa kanga kavu, mweke kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, funika wote wawili na kichwa cha mtoto. Asipolia, msugue mgongo kwa kanga. Kitovu hakina haraka: bila wembe mpya na uzi safi, kiache kama kilivyo, kondo liwekwe kwenye mfuko kando ya mtoto. Usivute kondo. Likishatoka, sugua tumbo chini ya kitovu cha mama mpaka uhisi kitu kigumu kama embe bichi. Likilegea, sugua tena. Mtoto anyonye, kwani kunyonya hukaza kizazi. Safari ya hospitali iko pale pale.

Nilitahiriwa nikashonwa. Nitazaaje?

Mwambie muuguzi ziara ya kwanza. Kufunguliwa hufanyika kwa ganzi wakati wa mimba au wakati wa uchungu, na ni bora kupangwa kuliko kuchanwa ovyo. Baada ya kuzaa, kingo hushonwa kila upande peke yake kuzuia damu. Usikubali kufungwa tena kama zamani, hata mume au mama mkwe akitaka. Ukeketaji umekatazwa Kenya kwa sheria ya mwaka 2011.

Dawa ya kuongeza uchungu, ya mizizi au sindano ya nyumbani?

Hapana. Uchungu ukizidishwa bila kupimwa, kizazi huweza kupasuka, hasa kwa aliyepasuliwa au aliyezaa wengi. Hospitalini dawa hiyo hupitishwa kwa dripu, tone kwa tone, mtu akisikiliza moyo wa mtoto.

Mkunga wetu wa mtaa tumfanye nini?

Aje nawe. Anajua kukanda mgongo, kusoma dua na kukaa na mama usiku kucha, na wauguzi, kwa uchache wao, hawana nafasi hiyo. Asichoweza ni kuongeza damu, kupasua, na kuchoma oksitosini yuniti 10 mara tu mtoto akishatoka. Sindano hiyo moja ndiyo kinga kubwa ya kutoka damu.

Baada ya kuzaa, damu kiasi gani ni nyingi?

Pedi iliyojaa chini ya saa moja, mabonge makubwa kama yai, au damu inayotiririka isiyokoma. Hata ikiwa kidogo, mama akiwa baridi, moyo waenda mbio na ana kizunguzungu, ni nyingi kwake. Nifasi ya kawaida huwa nyekundu siku chache, kisha ya hudhurungi, kisha nyeupe-njano. Ikinuka vibaya, au homa ikifika 38, kizazi kimeingia vidudu. Mguu mmoja kuvimba na kuuma nao ni wa hospitali.

Ziara za mzazi ni ndani ya saa 48, kisha wiki 1 hadi 2, wiki 4 hadi 6, na miezi 4 hadi 6. Ile ya kwanza haivunjwi na arubaini.

Katika arubaini nini kizuri, nini cha kuacha?

Kupumzika, kupikiwa, uji wa pilipili manga, kutunzwa na wakubwa: vyote vizuri, na twatamani kila mama duniani angevipata. Kukandwa kwa maji ya moto kuna masharti. Maji yapimwe kwa kiwiko, tumbo lisibonyezwe kwa nguvu «kutoa damu mbovu», na aliyepasuliwa asikandwe juu ya kidonda. Mwenye mshono wa chini akae kwenye beseni la maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15, kisha ajipanguse kwa kugusa. Mkaja ufungwe kiasi vidole viwili vipite. Ukibana sana hukandamiza nyonga na kidonda. Kulala kitandani siku zote huleta damu kuganda miguuni, basi tembea ndani ya nyumba.

Jiko la makaa chini ya kitanda, mlango umefungwa, ndilo la kuacha kabisa. Moshi wake usioonekana huua mama na mtoto wakiwa wamelala. Udi na ubani fukiza dirisha likiwa wazi, mtoto akiwa chumba kingine.

Kitovu, wanja na asali?

Kitovu: dawa ya gel ya klorheksidini uliyopewa, au kikae kikavu. Si majivu, si samli, si mate. Wanja wa kienyeji waweza kuwa na risasi, na mtoto hujisugua akailamba. Asali haifai mpaka atimize mwaka mmoja, hata tone, kwani yaweza kuwa na vidudu vinavyoweza kumlegeza mtoto mchanga mpaka ashindwe kupumua. Kama mwafanya taḥniki, yaani kumpaka mtoto mchanga kitu kitamu mdomoni, iwe tende kidogo sana kwa kidole kilichooshwa, baada ya kunyonya. Macho na ngozi kuwa manjano ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura.

Maziwa hayatoki, nimpe maji ya sukari?

Yanatoka. Siku za mwanzo ni yale ya manjano, kijiko kimoja kimoja, na tumbo la mtoto ni dogo vivyo hivyo. Mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza, kisha mara 8 hadi 12 kwa siku. Chuchu ikiuma sana, mtoto ameshika ncha tu: mtoe kwanza, afungue mdomo wote, kidevu kiguse titi. Kuanzia siku ya tano, nepi sita zenye mkojo kwa siku zaonyesha anashiba. Miezi 6 bila hata maji, hata joto la Kaskazi likizidi.

Nalia tu tangu nilipozaa.

Siku za kwanza machozi ni ya wengi na hupita ndani ya wiki 2. Yakizidi hapo, au ukikosa usingizi hata mtoto amelala, au ukawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie muuguzi leo. Ni ugonjwa wenye tiba, si imani kupungua. Mama kama huyo asiachwe peke yake.

Mimba nyingine yaweza kuingia kabla hedhi haijarudi?

Yaweza. Kunyonyesha hukinga kwa masharti matatu pamoja: mtoto anyonya tu, mchana na usiku, hedhi haijarudi, hajatimiza miezi 6. Moja likivunjika, kinga imekwenda. Kipandikizi cha miaka 3 au 5 na koili vyaweza kuwekwa ukiwa bado hospitalini. Sindano ya miezi 3 kwa anayenyonyesha ngoja wiki 6, na vidonge vya mchanganyiko ngoja miezi 6.

Bima na cheti cha mtoto?

Linda Mama, mpango wa kuzaa bure wa NHIF, bima ya zamani ya serikali, imekwisha. Tangu Oktoba 2024 bima ya serikali ni SHA, na Linda Mama imegeuzwa Linda Jamii. Kujisajili ni bure kwa *147# na kitambulisho, lakini kusajiliwa si kulipa: huduma za msingi za zahanati na kituo cha afya hulipiwa na serikali, ilhali kuzaa hospitalini kwahitaji mchango wa mwaka uwe umelipwa, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Lipa mapema, si siku ya uchungu. Hospitalini usitoke bila karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, na uandikishe mtoto kabla ya miezi 6. Baada ya hapo huhesabiwa kuchelewa, na makaratasi huongezeka.